Isale la Resti

Siku hizi njia zetu zina ramani. Nilicheka nilipoiona, imebandikwa ukutani kwenye hoteli niliyofikia pale Moshi mjini: mistari mitatu inapanda kwenda Uru, mwekundu, kijani na bluu, na maelezo wapi pana kilima kikali na wapi pana maji ya kunywa. Watu wanatoka Dar na nje ya nchi, wanavaa viatu vya bei mbaya, wanaongozwa kukimbia pale pale tulipokuwa tunakimbia peku ili tuwahi namba shuleni. Bibi angekuwepo angeuliza hao watu wamefukuzwa na nini.

Nilikuja na wenzangu wa kazini, wamepata wazimu wa kukimbia kama watu wengi wa umri wetu. Ndiyo, nililala hotelini, mimi mtu wa Uru. Dada yangu Resti alinipigia simu akasema nyumba ipo, vitanda vipo, kwa nini nijitese. Nikamwambia niko na kundi, si vizuri kuwaacha. Akasema sawa. Yeye ni mtu wa kusema sawa, na hilo nalo limekuwa likiniudhi tangu tukiwa watoto.

Asubuhi tukashika mstari wa kijani. Dada aliyetuongoza alikuwa mbele anaeleza habari za kahawa, mimi niko nyuma nahema. Mahali njia inapobana nikapita nimejisugua kwenye ua wa masale. Isale ni ule mmea mwembamba wenye majani marefu tunaoupanda mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, migomba na kahawa. Majani mawili matatu yakapondeka begani mwangu, harufu yake mbichi ikanipanda puani, nikasimama. Wenzangu wakadhani nimebanwa na pumzi. Haikuwa pumzi. Utotoni nilikuwa na haja moja tu kubwa, nayo ilikuwa Baba anipe jani la isale kama alivyompa Resti.

Mimi nilizaliwa mjini. Baba alikuwa akiuza vifaa vya ujenzi katika duka la familia moja ya Kihindi, tukikaa vyumba viwili vya kupanga, baba, mama na mimi. Mungu hakuwapa mtoto mwingine. Nilikuwa mtoto wa pekee na kazi hiyo nilikuwa nimeizoea sana. Uru alikwenda Baba peke yake, Krismasi na kwenye misiba, mimi nikibaki mjini na Mama. Nyumba ya wazazi alikaa baba mdogo pamoja na Bibi, kwa kuwa kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki nyumbani. Kisha baba mdogo akaanguka kutoka mtini wakati akikata matawi, akafariki. Hazikupita siku nyingi nikaona Mama anafunga vyombo, vitanda vinapakiwa kwenye lori, na mimi nimewekwa juu ya magodoro. Niliambiwa tunahamia nyumbani.

Karibu na kanisa lori lilimkuta mama mmoja anateremka, ana furushi kichwani, amemshika mkono mtoto wa kike wa rika langu. Wakajibanza kwenye kahawa kutupisha. Nilikuwa na furaha ya kukaa juu kule, nikampungia yule mtoto. Hakunipungia. Alinikazia macho mpaka tukapinda kona. Tulipofika nikamwambia Mama nimeona mtoto ana maringo sana. Mama akaendelea kushusha masufuria.

Mwaka haujaisha, Baba akaenda msibani Kirua Vunjo. Alirudi na mtoto. Nikatoka mbio kumpokea, nikamtazama yule mtoto, nikamjua. Yule wa maringo! Baba akasema huyu ni Restituta, binti wa marehemu baba yako mdogo, mama yake amefariki, kuanzia leo ni dada yako. Mtoto akanisalimia kwa sauti ndogo, akapita ndani moja kwa moja bila kuonyeshwa njia.

Hapo ndipo wivu wangu ulipozaliwa, hapo hapo mlangoni. Resti alijua nyumba yetu kuliko mimi. Alijua ubao upi wa sakafu unalia, ng'ombe yupi anapiga teke, kisu cha migomba kinachomekwa wapi. Bibi alikuwa akimwita jina la Kichagga ambalo mimi sikuwa nalo, na walikuwa wakiongea Kichagga cha haraka haraka, mimi naambulia maneno mawili. Nikisema kitu Bibi anacheka, ananiita mtoto wa mjini. Mgeni ni yeye, anayechekwa ni mimi! Roho iliniuma mpaka nikawa sili vizuri.

Tulilala kitanda kimoja, yeye ukutani, mimi pembeni. Wiki ya kwanza haijaisha, alfajiri, nikasikia Baba anagonga mlango wa chumba chetu. Akasema neno moja, "Twende." Resti akaniruka, akatoka. Nikadhani nami naitwa. Nikakaa kitako nangoja. Mlango wa nje ukafungwa, nikasikia viatu vya mvua vya Baba vinakwenda, na mbele yake miguu myepesi inayokimbia.

Ikawa kila siku. Siku nyingine walishika njia ya chini mpaka ghala la kahawa la chama cha ushirika. Siku nyingine njia ya kati, ukingoni mwa mfereji wa maji, pale ambapo ukiteleza unaangukia kwenye shamba la mtu. Na siku Resti alipoamka na uso mzito walishika ya juu, ile inayopanda hadi mwanzo wa msitu, ukungu hauachi kitu kionekane. Yeye anakimbia, Baba anafuata na koti lake refu. Akimaliza kilima anageuka, anamrudia Baba, anapanda tena. Nilijua hayo kwa kuwauliza watu waliowaona, maana mimi niliambiwa nilale. Nilimwomba Baba, nikamwomba tena. Alisema wewe pumzika mwanangu, huko juu kuna baridi. Baridi gani hiyo isiyomshika Resti?

Halafu wakirudi, mtori! Jamani, mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, chakula cha mama aliyejifungua, anapewa mtoto mzima kwa sababu amekimbia. Na yai juu yake. Mimi nina chai yangu na ufagio wa kufagia banda. Nilikuwa nikifagia huku nahesabu vijiko anavyokula. Mama aliniona, akanimegea nyama ya kwake, nikaikataa, maana sikuwa nikitaka nyama. Nilitaka kugongewa mlango.

Shuleni hawakukawia kumjua. Mwalimu wa michezo akamweka kwenye mbio za kuzunguka vijiji, mbio ndefu zilizoanzia shuleni, zikashuka ghalani, zikapanda kwa njia ya mfereji na kumalizikia uwanja wa kanisa. Ilikuwa Jumamosi. Resti aliwaacha hata wavulana wa darasa la saba. Watu walimbeba juu. Mwalimu akauliza kwa sauti huyu ni mtoto wa nani, nami nikamtazama Baba, nasubiri aseme ni wa mdogo wangu. Baba alivua kofia, akaishika mikononi, akatazama chini.

Kesho yake Jumapili, tumevaa nguo za kanisani, Baba akaenda mpakani mwa kihamba. Akakata jani la isale, refu, la kijani kweli kweli. Akarudi uani, Bibi amesimama, Mama amesimama. Baba, mtu mzima na tai yake shingoni, akapiga goti mbele ya Resti. Akampa lile jani kwa mikono miwili, akasema maneno ya Kichagga kwa sauti ya chini. Resti akamtazama Bibi. Bibi akaitikia kwa kichwa. Resti akalipokea, akaanza kulia, na Baba naye analia. Kisha tukaenda misani, na siku hiyo Baba akasimama akaenda kupokea komunyo, jambo ambalo sikuwa nimemwona akifanya tangu tuhamie. Kila Jumapili alikuwa akibaki kwenye benchi, anakunja magoti kuwapisha watu. Nikajua leo amekwenda mbele ili watu wamwone, baba wa bingwa.

Kwa hiyo nikapata hesabu yangu. Ukishinda mbio, unapewa isale. Baba anapiga goti, anatokwa machozi, anakwenda mbele ya kanisa zima kwa ajili yako. Mtoto wa Uru asingeelewa hivyo. Mimi nilikuwa wa mjini, kule mshindi anavishwa shada la maua. Nikaona hapa kwetu maua yenyewe ndiyo yale.

Nilianza kukimbia peke yangu saa za mchana, nikitumwa majani ya ng'ombe. Natupa mundu na kamba kwenye kichaka, nashika njia ya mfereji mpaka kifua kinawaka. Nilianguka mara ngapi sijui. Mama alikuwa akinikagua magoti jioni na kuuliza nyasi gani hizi zinazokukata hivi. Resti aliona, akaniambia kwenye kilima nisinyooke sana, niiname kidogo na nipunguze hatua. Nikamwambia sijamwuliza. Akasema sawa. Nilipofika kilimani, nikainama.

Mbio za mwaka uliofuata zilikuwa njia ile ile. Resti akatangulia kama kawaida, mimi nyuma yake, wengine mbali. Chini ya ghala kuna njia panda, mkono mmoja unarudi kwetu, mwingine unakwenda upande wa Kirua. Resti alipofika pale akapunguza. Akasimama kabisa, ametazama ule upande wa Kirua, mikono imelegea. Mimi huyo! Nilimpita bila kugeuza shingo. Nilifika uwanja wa kanisa sioni mbele, nasikia tu watu wanaita jina langu, kwa mara ya kwanza langu na si la mwingine.

Baba alifurahi. Sitasema uongo, alifurahi sana, alinikumbatia mpaka nikanuka kahawa na tumbaku ya koti lake. Nyumbani kulikuwa na wazee wa ukoo wanakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, akanipitisha kwa kila mmoja, naamkia shikamoo, shikamoo, kila mmoja ananisifu. Nikasubiri. Mbege ikaongezwa, nikasubiri. Jumapili ikafika, tukavaa nguo za kanisani, nikasimama uani mahali pale pale aliposimama Resti. Baba akatoka ndani akaniuliza nangoja nini, tunachelewa.

"Langu liko wapi?" nikasema.

"Lako nini?"

"Isale langu. Nimeshinda na mimi."

Bibi alikuwa anafunga kilemba, mikono ikabaki hewani. Resti akainama chini kufunga viatu vilivyokuwa vimefungwa tayari. Baba alinijia taratibu, akachuchumaa, lakini hakupiga goti.

"Mwanangu," alisema, "omba Mungu nisije nikakupa hilo jani."

Nikasikia jibu la ubahili. La Resti lipo, langu tuombe Mungu! Nililia njia nzima mpaka kanisani na sikukimbia tena shuleni, ng'o. Mtori nikaletewa jioni ile, bakuli zima na yai. Nikausukuma.

Donge lile nilikaa nalo miaka. Nilipokuwa sekondari, likizo moja tunamenya ndizi na Mama, nikamtupia neno la kijicho kuhusu Resti na majani yake. Mama akaweka kisu chini. Akaniuliza hivi mpaka leo hujui isale ni la nini? Akanieleza. Kwetu mtu aliyemkosea mwenzake akishindwa kulisema kosa lake, analeta jani la isale. Anayeletewa halikatai. Akilipokea, amesamehe.

Na kosa? Mama alisema tukiwa tunahama tulimpita mama mwenye furushi, unakumbuka? Ukoo ulikaa ukaamua kwamba mjane mwenye mtoto mmoja tu, tena wa kike, hawezi kuachiwa nyumba ya wazazi. Baba yako alikuwa mkubwa wao, angeweza kusema hapana. Hakusema. Na yeye mwenyewe ana mtoto mmoja tu, tena wa kike, yuko juu ya magodoro anapunga mkono. Yule mama alikwenda kufia kwao. Resti aliporudishwa hapa, alfajiri zile za kwanza, wewe umelala, alikuwa anatoroka kwenda kwenye kaburi la mama yake Kirua. Baba yako hakuweza kumfungia wala kumchapa. Ndipo alipoanza kumwamsha mapema, amwambie twende, wakimbie mpaka achoke, arudi ale. Komunyo alikuwa hapokei kwa sababu ya kosa hilo. Aliyebaki wa kuombwa msamaha alikuwa mtoto.

Ungedhani wivu uliisha siku hiyo. Wapi. Nilimwonea Resti huruma ya kweli, nikalia na ndizi mkononi, na bado chini ya huruma ile kulikuwa na kitu kinauliza: kwa hiyo zile asubuhi zote zilikuwa zake kwa haki? Afadhali ningeambiwa Baba ana upendeleo. Upendeleo unaweza kuulalamikia.

Tukakua. Mimi nikaenda Dar, Resti akawa mwalimu, akarudi kufundisha shule ile ile yetu. Aliwatunza wote, Bibi mpaka akafa, Mama mpaka akafa. Mimi nilituma hela na kuja Krismasi. Baba alipoanza kuumwa, yeye ndiye aliyekuwa anamwogesha. Nikipiga simu anapokea Resti, anasema ngoja nimpe, nasikia kwanza anamwambia utani fulani na Baba anacheka, kisha ndiyo ananipa mimi, na Baba ameshamaliza kucheka.

Nilipoitwa mara ya mwisho nilikuta wazee wa ukoo wanaondoka. Baba alikuwa amekaa kitandani, ameegemezwa kwa mito. Alikuwa amewaambia mbele ya katekista kwamba kihamba na nyumba ni vya Restituta, binti wa mdogo wake, na asitokee mtu wa kumtoa. Nilisikia hayo mlangoni kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa anaitafuta fimbo yake. Nikaingia, nimebeba mfuko wa machungwa, sijui niuweke wapi.

Baba akamwambia Resti akakate jani la isale. Hakumweleza la nani. Resti akatoka, nikamwona dirishani, mwanamke mzima mwenye kitenge, anakimbia kwenda mpakani. Mwendo ule ule, amenyooka, magoti juu. Akarudi anahema, akampa Baba jani. Baba akanigeukia mimi. Alitaka kushuka kitandani apige goti, tukamzuia.

"Nyumba hii siwezi kukupa," alisema. "Haikuwa yangu." Akapumzika. Kisha akalinyoosha jani kwa mikono miwili. "Uliniuliza liko wapi. Hili hapa, mwanangu."

Alikuwa anakumbuka. Miaka yote ile alikuwa anakumbuka mtoto aliyesimama uani na nguo za kanisani. Nikalipokea, kwa kuwa halikataliwi. Nililitaka utoto mzima, na nilipolishika nilitamani kumrudishia aliweke mpakani lilikotoka. Nikamwambia Baba yamekwisha. Nikasema kwa Kichagga changu kibovu, Baba akatabasamu.

Resti alikuwa amesimama mlangoni bado anahema, na mimi, jani likiwa mkononi, nikamwonea wivu kuliko siku zote. Si kwa nyumba. Ya nyumba nilikuwa nimeyaelewa tangu siku ya ndizi. Yeye alipewa lake akiwa mtoto, Baba akabaki na miaka ya kumlipa, kila alfajiri, kwa viatu vya mvua na mtori na yai. Mimi langu lilikuja wakati hawezi hata kusimama. Angenilipa lini?

Usiku ule nililala chumba chetu cha zamani, upande wangu wa kitanda, ukutani pakiwa patupu. Jani nililiweka chini ya mto. Kabla hakujapambazuka nikasikia miguu inakuja kwenye ule ubao unaolia, na mlango ukagongwa. Nilikuwa macho, kama nilivyokuwa macho asubuhi zote zile ambazo hakuna aliyejua. Resti akafungua, uso wake umelowa, nikajua Baba hayupo tena.

"Twende," akaniambia.

Nikainuka, tukaenda.